Kiti cha Kushoto

Hapa Rissne, kitongoji cha huku Sweden, wananiita Utingo, na anayeniita hivyo akitegemea nitacheka, atasubiri sana. Kwa asiyejua, utingo ni msaidizi wa dereva wa lori: ndiye anayeweka jiwe nyuma ya tairi mlimani, anayelala juu ya mzigo kuulinda, anayetumwa maji na sigara. Mimi sikuwa utingo. Nilikuwa dereva wa barabara ya Dar mpaka Tunduma, tena wa lori la Kiingereza ambalo nusu ya hao wanaonicheka wasingeweza hata kulitoa gereji. Kaa chini nikueleze, maana jambo lenyewe linaniuma na sioni kwa nini linitafune peke yangu.

Kwanza ondoa wazo kwamba malori yale yalikuwa mazuri. Waingereza waliyatengeneza kwa ajili ya watu wasiostahili raha. Kebini ilikuwa fremu ya mbao iliyovikwa bati, na mvua ikinyesha iliingia kupitia kingo za kioo cha mbele ikakudondokea mapajani. Waipa ilifanya kazi moja tu, ya upande wangu. Utingo alitazama maji. Usukani ulikuwa mpana kama sinia la pilau na haukuwa na msaada wowote ila mabega yako. Na injini, bwana, haikuwa mbele wala nyuma. Ilikuwa humo humo ndani, kati ya dereva na utingo, chini ya kifuniko cha chuma. Ukipita Mikumi saa saba mchana ulikuwa unaokwa. Ukifika Makambako usiku wa mwezi wa saba, kifuniko hicho hicho ungekikumbatia kama mkeo.

Dereva alikaa kulia, kwa hiyo goti lake la kushoto ndilo lililogusana na chuma kile. Utingo alikaa kushoto, yeye akaungua la kulia. Ndiyo maana nasema, ukitaka kumjua dereva wa kweli wa malori yale usimwulize leseni, mpandishe suruali. Mimi goti langu la kushoto lina baka jeusi lisiloota unywele, na nimelionyesha watu wengi kuliko nilivyowaonyesha picha za harusi yangu.

Lori langu nililiita Mama Mkwe, kwa sababu hakuna ulichofanya kikamridhisha. Gia zake hazikuwa kama za leo. Ulikanyaga klachi, ukatoa gia, ukaachia klachi, ukasikiliza injini ishuke mpaka mahali pake, ukakanyaga tena, ndipo ukaingiza. Ukiwahi, inakwaruza. Ukichelewa, inakwaruza. Ukikosea kwenye mteremko wa Kitonga na mzigo wa mbolea nyuma, unabaki bila gia yoyote, na hapo ni wewe na Mungu wako. Mita haikukusaidia wala macho hayakukusaidia. Nilikuwa nawaambia watu: gia haiingii kwa mkono, inaingia kwa sikio. Maneno hayo yakumbuke.

Utingo wangu wote niliwapokea kwa sentensi moja. "Kaa hapo, usiguse kitu." Mmoja aligusa honi. Alikuwa na furaha tu, kaona twiga, akapiga honi. Nilisimama, nikamteremsha katikati ya mbuga ya Mikumi, nikaondoka. Alipandishwa na lori lililokuja nyuma, akafika salama, na hakugusa honi tena. Wapo wanaosema huo ulikuwa ukatili. Mimi nasema ilikuwa elimu, na haikuwa na ada.

Basi nikaja Sweden kusomea ufundi, nikabaki, na nchi hii ikaona kazi inayonifaa ni kufagia mabehewa ya treni za chini ya ardhi. Nimefagia tangu binti yangu hajazaliwa. Sikulalamika sana, lakini mwanamume aliyewahi kumshusha Mama Mkwe Kitonga halafu anaokota maganda ya ndizi ya watu chini ya viti, anahitaji mahali pa kusemea. Ndipo tukaanzisha Jumamosi zetu.

Tulikuwa watatu. Mimi, Mkenya mmoja fundi wa lifti, aliyeendesha Mombasa mpaka Malaba, mtu mwenye mdomo usiolala, na Mrundi, mzee wa kanisa, mpole, mwenye nyonga mbovu. Huyu Mrundi alikuwa na jambo lake. Kwao wanaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini malori ya Kiingereza yaliwafikia na usukani wake wa kulia vile vile, kwa hiyo dereva akitaka kulipita gari la mbele haoni kinachokuja. Ni lazima utingo achungulie kwa kushoto aseme "twende" au "bado". Kati yetu ni yeye peke yake aliyezungumza juu ya utingo wake kwa heshima. Mimi na Mkenya tulimcheka kwa hilo miaka na miaka.

Mchezo wetu tuliuita kuendesha kiti. Sebuleni kwangu tuliweka viti viwili sambamba na ndoo iliyopinduliwa katikati, hiyo ndiyo injini. Mpini wa ufagio ulikuwa gia, na usukani, kweli kabisa, ulikuwa sinia la mke wangu. Unakaa kulia, unataja barabara yako, unaendesha kwa mdomo. Vuuuuu, unapandisha, unatoa, vu-u-u-u, injini inashuka, unaingiza, vuuuuu. Wenzako wanafumba macho wanasikiliza. Wanakupigia kelele: mlima huo, ng'ombe hao, daraja. Ukikosea mpangilio umekwaruza, na ukikwaruza unahamia kiti cha kushoto. Unakuwa utingo mpaka jioni. Unapika chai, husemi mpaka usemeshwe, na dereva akikuambia "Utingo, shuka ukaangalie tairi," unashuka ngazi zote, unatoka nje kwenye theluji, unapiga teke tairi nne za gari lako, unarudi kusema ziko salama.

Sheria hiyo niliitunga mimi, na nilikuwa hodari wa kuitumia. Mrundi alikwaruza mara nyingi, maana alikuwa mtu wa kufikiri, na gia haitaki mtu wa kufikiri. Nilimshusha na nyonga yake Januari, lifti ikiwa mbovu, na Mkenya akasimama dirishani kututangazia anavyotembea, kama anatangaza mechi ya mpira. Alirudi na theluji kwenye ndevu, akasema, "Ziko salama, mzee," akakaa. Mimi sikukwaruza. Niulize yeyote. Katika miaka yote ile sikuwahi kukalia kiti cha kushoto.

Sasa binti yangu. Ni mmoja tu, kazaliwa hapa, na tangu alipoanza shule ya awali nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiswidi. Nilitaka awe nesi. Akawa dereva wa lori, anabeba kokoto za wajenzi, yuko juu ya gari refu kama nyumba linalojibadilishia gia lenyewe. Ungedhani baba angefurahi. Baba hakufurahi. Kila alipokuja kutoka kwake Hjulsta nilikuwa na neno. Hiyo si gari, ni sofa. Hiyo inakuendesha wewe. Injini ikipiga chafya unapigia simu Wajerumani. Mbele ya wageni nilimwuliza kama kebini yake ina pazia na zulia, akasema ina jokofu, nikawaambia wageni, mnaona, nimezaa mpishi.

Alivumilia. Halafu Jumamosi moja ya majira ya kuchipua aliingia tukiwa katikati ya mchezo, mimi nimeshika sinia niko Kitonga, mashavu yamejaa upepo. Alisimama mlangoni na koti lake la kazi la njano. Akasema kwa Kiswidi, polepole, ili na Mrundi ambaye Kiswidi chake kinachechemea aelewe: "Baba, tangu nina akili nakuona unaendesha kiti. Lori sijawahi kuliona. Mimi nadhani hujawahi kuendesha. Nadhani ulikuwa mtu wa kufagia hata huko."

Mkenya alicheka chai ikamtoka puani. Mrundi alitazama chini. Na mimi nilibaki na sinia mkononi kama mhudumu wa hoteli.

Uliniingia, ule msemo. Sikulala vizuri wiki nzima. Watu wa kazini wakinidharau naweza kula nikashiba, lakini huyu niliyempakata, kunitazama na kuona ufagio tu! Jumamosi iliyofuata nikatoa nadhiri mbele yao, naye yupo, nimemwita makusudi. Nikasema nitafutieni lori la Kiingereza popote katika nchi hii. Nitaliendesha yeye akiwa kiti cha kushoto. Nikikwaruza, mniite utingo mpaka kaburini.

"Mzee, uko sure?" akasema Mkenya. "Hiyo si sinia, hiyo."

Mrundi akasema kwa sauti yake ya kanisani, "Mdomo uliponza kichwa." Lakini ndiye aliyelipata lori. Kanisani kwake alikuwepo mzee wa Kiswidi, mjane, aliyekuwa na shamba kaskazini mwa mji, na bandani alikuwa nalo moja, la buluu, alilolinunua Uingereza likiwa kutu tupu akalifufua kipande kwa kipande. Waswidi wana ugonjwa huo, heri waukose mkate kuliko bolti ya asili. Alikubali. Alisema kuna njia ya changarawe kuzunguka shamba, ina kilima kidogo, hakuna magari, mgeni anakaribishwa.

Tulikwenda asubuhi ya kiangazi kwenye gari la Mkenya, nyimbo tele, mimi nimevaa shati jeupe la pasi. Binti alikuja na gari lake. Mzee wa Kiswidi alifungua milango ya banda, na nikaliona. Halikuwa Mama Mkwe, lakini alikuwa dada yake wa tumbo moja: pua ile ile butu, taa zile zile za macho makavu, vioo viwili vya mbele vyenye nguzo katikati. Nilipanda kwa mguu ule ule wa zamani. Ndani kulinukia dizeli, mbao na ngozi kuukuu. Goti langu la kushoto likakiona kifuniko cha injini kabla macho yangu hayajakiona, likaegemea hapo. Sitadanganya, machozi yalinijia. Nikayafuta kwa mkono wa shati, nikawaambia watu vumbi.

Binti akapanda kiti cha kushoto. Mkono wake ukaenda kwenye kishikio kidogo cha dirisha, anakichunguza tu. Nikamwambia, bila hata kufikiri, "Kaa hapo, usiguse kitu."

"Ja, ja," akajibu, yaani haya, haya.

Niliwasha. Lile lori likatikisika lote. Nikaingiza gia ya kwanza, likaondoka bila kosa. Mkenya na Mrundi walitembea kando na yule Mswidi, na nilimwona binti kwa pembe ya jicho ameinua nyusi. Nikamwambia moyoni, ngoja, mwanangu, bado hujaona. Nikakanyaga klachi kwenda ya pili.

Na hapo mdomo ukaanza wenyewe. Vuuuuu. Haukuniomba ruhusa. Miaka yote ile sebuleni, kumbe ulikuwa umechukua kazi ya injini na ya sikio pia. Nilikuwa nasikia mdomo wangu vizuri kabisa, ukishuka taratibu kama Mama Mkwe alivyoshuka zamani, na sikusikia hata kidogo injini iliyokuwa pembeni yangu, ambayo ilishuka mapema zaidi. Nilipoingiza, lilitoka kwaruzo la kutoa meno. Kuku wa shamba lile walikimbia.

Nikarudia. Vuuuuu. Kwaruzo.

"Mzee," Mkenya akapaza sauti toka nje, "unabadilisha gia ama unasaga mahindi?"

"Baba," binti akasema, "nyamaza usikilize."

Nikanyamaza. Na huo ndio ubaya wenyewe, nikuambie kabisa: nilipofunga mdomo, mguu haukwenda. Ulikaa juu ya klachi kama wa mtu mwingine. Ulikuwa unasubiri kusikia vuuuuu ndipo usogee. Lori likaanza kupungua mwendo kwenye kile kilima, kilima ambacho Kitonga ingekimeza bila kutafuna, nikaona aibu inakuja, nikafungua mdomo, vuuuuu, nikasukuma gia kwa nguvu zote. Ile kelele ya tatu sitaki hata kuieleza. Injini ikazimika. Lori likarudi nyuma kidogo kabla sijashika breki.

Mswidi alikuja mbio ameinua mkono, lakini hakupayuka. Bora angepayuka. Alisimama chini ya mlango wangu akasema haina neno, haina neno kabisa, kwa ile sauti wanayomsemesha mgonjwa aliyejikojolea. Nilishuka. Nilipandisha suruali palepale changaraweni, nikawaonyesha goti la kushoto. Nikasema hili hapa, tazameni, ni nani aliyeungua goti hili kama si dereva?

"Hata sufuria ya ugali inaweza fanya hivyo," akasema Mkenya.

Niliwaeleza habari ya mdomo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo Mkenya alivyozidi kujishika tumbo, mpaka akaketi kwenye nyasi. Binti yangu hakucheka. Alikuwa ananitazama vile unavyotazama jambo ambalo siku zote ulilijua na ulitumaini umekosea. Mrundi naye hakucheka. Alinisogelea na nyonga yake, akasimama wima, akasema kwa upole ule ule aliokuwa akinijibia miaka yote kutoka kwenye theluji:

"Utingo, shuka ukaangalie tairi."

Nilikuwa nimeshashuka, lakini ndivyo sheria ilivyosema, na sheria ilikuwa yangu. Mkuki kwa nguruwe. Nilizunguka lori lile la buluu na shati langu la pasi, nikapiga teke tairi moja baada ya nyingine, na Mswidi akawa anauliza kwa wasiwasi kama kuna tatizo la upepo. Nilirudi mbele ya Mrundi. Alisubiri. Nikasema, "Ziko salama." Akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa kivulini, na kwa kweli alionekana mtu aliyepumzika.

Nilipogeuka, binti yangu alikuwa kiti cha kulia. Mswidi, maskini, alitaka tu siku isiharibike, akawa amemwuliza kama angependa kujaribu, na alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango anamwonyesha: kanyaga, toa, achia, sikiliza, kanyaga, ingiza. Mara moja tu alimwonyesha. Kisha akaniambia nipande nami, nafasi ipo. Ipi? Ile.

Nikapanda kushoto. Aliwasha, akateremsha kioo, akainamisha kichwa kidogo upande wa injini. Ya kwanza. Akatoa, na mdomo wake ulikuwa umefungwa kama bahasha. Ya pili ilikwaruza kidogo, chembe tu. Ya tatu iliingia. Hukusikia kitu. Uliona tu lori limepata nguvu na kilima kinapita chini yetu. Alirudi kwenye ya pili kule kwenye kona, akapiga resi katikati inavyotakiwa, jambo ambalo mimi lilinichukua miezi na vibao vya mwalimu wangu, na nayo ikaingia kama kisu kwenye siagi. Alipata alichokuwa nacho baba yake, na hakujua kwamba baba yake alikuwa nacho. Na hapakuwa na namna ya kumwambia. Ningemwambia nini? Na kwa ushahidi gani?

Nilitaka kumsifu. Haki ya Mungu, nilitaka kusema, umepatia, mwanangu, hivyo hivyo ndivyo. Nilifungua kinywa, na kilichotoka ni vuuuuu, na mkono wangu ukajikuta unaelekea kwenye gia.

Hakuondoa macho barabarani. Alisema kwa Kiswahili, yeye ambaye hajanijibu Kiswahili tangu shule ya awali, tena kwa lafudhi yangu ya Makambako, sentensi ile ile niliyowapa utingo wangu wote:

"Kaa hapo. Usiguse kitu."

Nikarudisha mkono mapajani. Goti langu la kulia lilikuwa limegusana na kifuniko cha injini na lilikuwa linaungua, nikaliacha hapo hapo mpaka tukamaliza shamba.